Sakafu ya Kyai Mendung

Gari lililetwa gerejini kwetu Kartasura likivutwa kwa kamba, ingawa lilikuwa linatembea. Eyang Kusdiyah, bibi mwenye gari, alikuwa ametazama kalenda yake ya zamani akaona siku ile si njema kwa injini kunguruma. Basi likavutwa polepole kutoka Laweyan, boneti imefunikwa shuka la batiki kama mgonjwa, na dereva aliyelivuta akatuambia kuwa njia nzima pikipiki zilikuwa zinampisha zikidhani ni msiba.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, la kijivu, limezaliwa kabla ya wengi wetu. Jina lake Kyai Mendung. Mendung ni wingu la mvua, na Kyai ni heshima tunayokipa kitu cha ukoo, iwe jambia, iwe ngoma, kikishakuwa kikubwa kuliko watu wanaokimiliki. Eyang alipanda gari hilo akiwa bibi harusi. Binti yake naye alilipanda. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wake, Wening, aliyekuwa anaolewa mwisho wa Mfunguo Tatu, na kwetu hakuna kusogeza mbele, kwa sababu baada ya hapo unaingia mwezi wa Suro na hakuna mzazi mwenye akili anayeozesha mtoto mwezi wa Suro. Wening angepelekwa kwa wakwe zake Selo, juu kabisa, kule barabara inakopanda katikati ya milima miwili ya moto.

"Mkwangue rangi yote ya zamani, mtoe kutu, mpake mpya," Eyang alimwambia mwenye gereji, Pak Bagyo. "Lakini msimkate. Msimtoboe. Huyu si bati la kuezekea."

"Hatutamgusa mwili, Eyang," Pak Bagyo akasema, ameinamisha kichwa. "Ngozi tu."

Mimi ni mchomeleaji. Nilikuwa nimesimama na kinyago changu mkononi, nikacheka moyoni, maana sijaona gari la umri ule lenye ugonjwa wa ngozi peke yake. Ila kazi ya kukwangua haikuwa yangu. Ilikuwa ya Yu Tumirah.

Sasa huyu Yu Tumirah lazima niwaambie habari zake, maana bila hizo hamtaelewa alichokuja kukifanya. "Yu" ni dada mkubwa. Ndivyo tulivyomwita sote, hata Pak Bagyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayevaa kofia ya majani na shati la marehemu mumewe lenye mfuko mmoja uliochanika. Alizaliwa Laweyan, kwenye vichochoro vya nyuma, na tangu utotoni aliajiriwa kwenye karakana ya batiki ya mume wa Eyang. Kazi yake ilikuwa kukwangua nta. Kitambaa kikishapakwa nta na kutiwa rangi, mtu hukaa na kisu chembamba anaitoa nta mahali panapotakiwa rangi nyingine, na akikosea kidogo anakata uzi na kazi ya watu wa miezi inaharibika. Yeye hakukata.

Karakana ilipofungwa alihamia Kartasura na mumewe, utingo wa lori la mchanga. Lori lile liliacha njia kwenye kona moja ya barabara ya Selo, pale penye mti wa mkuyu, chesisi imekatika katikati. Hakuwahi kunisimulia. Niliambiwa na wengine.

Basi akawa anauza chai na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, vya kukaanga, langoni kwetu. Siku moja alimwona kijana wetu anakwangua mlango kwa grenda, cheche zinaruka hadi kwenye karai lake la mafuta. Akaweka koleo lake chini akaingia ndani. "Wewe, unakwangua au unachinja?" Akamnyang'anya kikwangulio, akapaka dawa ya kubabua rangi, akasubiri ivimbe, akaitoa rangi kwa vipande virefu kama anamenya embe. Pak Bagyo alikuwa anatazama na kikombe chake cha chai mkononi. Tangu siku ile chai tukawa tunajinunulia wenyewe mtaa wa pili.

Alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kupaka dawa, hupiga bati kwa kifundo cha kidole, kuanzia mbele hadi nyuma, sikio karibu, macho yamefumbwa. Penye chuma kizima panalia. Penye puti, ule udongo wa kuzibia matundu, panaguna. Hata redio ilikuwa inazimwa.

Kyai Mendung alilia vizuri kwenye paa, akalia kwenye boneti, akalia kwenye mabawa yote manne ya juu ya magurudumu. Yu Tumirah akababua. Chini ya kijivu kulikuwa na rangi ya maziwa, na chini ya rangi ya maziwa kijivu kingine, kile cha kwanza, laini kama ganda la yai. Pak Bagyo alikuwa anapita anapiga makofi kidogokidogo. Kisha Yu akapiga magoti ubavuni, akagonga lile boksi la chuma linalokaa chini ya milango, ambalo sisi huliita kizingiti. Akagonga tena.

"Sito," akaniita. "Njoo usikie."

Niliinama. Ilikuwa kama kugonga papai.

"Na upande wa pili?" nikamuuliza.

"Upande wa pili ni papai lililooza."

Pak Bagyo alisikia akaja haraka. "Hapo paache, Yu. Babua juujuu, tia puti, tusonge mbele."

"Pak, hiki ndicho kinachobeba sakafu ya nyuma. Nataka nitazame chini ya zulia."

"Zulia ni la zamani, limebandikwa kwa lami. Ukilitoa litachanika. Eyang alisema nini?"

"Alisema tusitoboe."

"Basi umejibu mwenyewe."

Naomba msimwone mtu mbaya Pak Bagyo. Nyumba nyingi za Laweyan zina magari ya aina ile, na neno la Eyang Kusdiyah lilikuwa linatembea uani mwao upesi kuliko barua. Akisema gereji fulani wamemkata Kyai wangu, tungebaki kurekebisha bajaji. Na harusi ilikuwa inakaribia. Kukata vizingiti viwili na kutengeneza sakafu upya si kazi ya kuharakisha. Mimi mwenyewe nilijua sitaimaliza.

Pak Bagyo alipokwenda mjini kuchanganyisha rangi, Yu Tumirah alirudi pale chini. Alichukua kile kisu chake chembamba cha zamani, kile cha nta, ambacho alikuwa hakitumii kwa magari, akakiweka ncha juu ya chuma bila kukikandamiza. Kiliingia chote hadi kwenye mpini.

Alikivuta. Likatoka tope jeusi, likafuatwa na maji, halafu kitu kama majani ya chai yaliyolowa. Nikadhani ni majani ya miti. Yu akayapokea kiganjani akayanusa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za nailoni, nyembamba, nyingi, zimejisokota. Akazivuta zikawa zinakuja tu, hazikatiki.

"Hizi ni nyuzi za vikuba vya yasmini," akasema.

Hapo nami nikaelewa. Kila mwaka mwezi wa Suro vitu vya ukoo huoshwa. Majambia huoshwa kwa ndimu, halafu hufutwa, hupakwa mafuta, hurudi kwenye ala. Nyumbani kwa Eyang gari nalo lilioshwa hivyo, kwa maji ya waridi, yasmini na langilangi, beseni baada ya beseni, kuanzia paa. Ila gari halina ala, wala hakuna anayeweza kulifuta ndani ya milango. Maua yalikuwa yanateremka na maji penye ufa wa kioo, yanaingia mlangoni, yanashuka kwenye kizingiti, yanaziba vile vitundu vya kutolea maji. Mwaka hadi mwaka. Lile tope lilikuwa linakaa humo likila chuma polepole, na juu watu wanasoma dua.

"Mimi nilikuwa nabeba beseni," Yu Tumirah akasema. "Nilikuwa mdogo, nafika hapa tu kwenye taa. Nilikuwa nayasukuma maua kwa kidole yaingie, yasidondoke chini yakakanyagwa."

Pak Bagyo aliporudi alikuta tope sakafuni. Alisimama na makopo yake mawili ya rangi.

"Nani amekwambia utoboe?"

"Sijatoboa, Pak. Kisu kimeingia chenyewe."

"Kisu kina miguu?"

"Hakina. Na bibi harusi akikaa pale nyuma naye miguu yake itakuwa barabarani."

Pak Bagyo aliweka makopo chini taratibu, akachukua puti, akachanganya yeye mwenyewe juu ya kibati, akaziba lile tundu. Alilipaka vizuri, hata msasa usingepata kazi. Akafuta mikono.

"Selo na kurudi," akasema. "Safari moja. Baada ya harusi nitamweleza Eyang kwa utaratibu, tutalifungua. Safari moja tu, Yu, limedumu miaka yote hii."

"Barabara ya Selo," Yu akasema, kama anayekumbusha kitu kilichoangushwa.

Pak Bagyo alikumbuka. Niliona uso wake ukibadilika, kisha ukajifunga. "Ukiligusa tena, rudi ukauze chai yako," akasema, akaingia ofisini.

Yu alikwenda mbele akaendelea kubabua fremu ya taa. Lakini sikusikia tena akigonga.

Kesho yake, saa ya joto, Eyang Kusdiyah akaja mwenyewe na Wening kutazama. Alikuwa amevaa kebaya, blauzi ya mikono mirefu, ya kijani iliyokolea, mwavuli mkononi, mgongo umenyooka kuliko wangu. Lile gari lilikuwa uchi, chuma kitupu kinang'aa, limeshushwa kutoka kwenye stendi, linasubiri rangi ya kwanza. Alilizunguka bila kusema. Akafika ubavuni, Yu Tumirah akachuchumaa haraka na kuinamisha kichwa, maana kwetu mdogo hasimami juu ya mkubwa.

"Huyu si Tumirah wa nta?" Eyang akauliza.

"Ndiye, Ndoro." Ndoro ndivyo watumishi wa zamani walivyowaita mabwana na mabibi zao. Sikuwa nimelisikia neno hilo gerejini.

"Umekonda."

"Ndoro naye hajanenepa."

Eyang akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Mdomo haujaisha makali. Unamkwangua Kyai wangu?"

"Namkwangua, Ndoro."

"Anaumwa?"

Pak Bagyo akaruka kati. "Yuko salama, Eyang. Chuma cha zamani hiki, si cha leo."

Yu Tumirah alikuwa anatazama chini. Nilikuwa nawaza, sema. Lakini atasemaje? Amwambie bibi aliyemlisha utotoni kuwa ibada yake ndiyo iliyooza humu, mbele ya mjukuu, mbele ya mafundi? Mtu wa kwetu angependelea kumeza moto.

"Tukae ndani kidogo, Eyang," Wening akasema. "Nijue kama nguo itaenea. Mkia wake wa nyuma ni mrefu."

"Tukae," Eyang akasema, akampa Pak Bagyo mwavuli. Pak Bagyo akafungua mlango wa nyuma. Eyang akakusanya ncha ya kitenge chake cha batiki, akainua mguu.

Yu Tumirah alisimama. Alipita mbele ya Eyang, akamgusa bega kwa bega, akaingia kwenye gari na shati lake la vumbi, akakaa kwenye kiti cha nyuma, upande wa kulia, mahali pa bibi harusi. Eyang alibaki na mguu mmoja hewani.

"Mama mkubwa?" Wening akamwambia Yu.

"Yu, shuka," Pak Bagyo akasema. "Shuka sasa hivi."

Hakushuka. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akainua mguu, akapiga sakafu. Gari zima likatikisika. Akapiga tena. Mara hii ilitoka sauti ya kitu kinachochanika, na vumbi jekundu likamwagika chini ya gari kama mtu amepasua mfuko. Akapiga mara nyingine. Zulia likaachia, na mguu wake ukatokea chini, kandambili imebaki juu, vidole vinagusa sakafu ya gereji. Damu ilikuwa inatiririka kwenye muundi.

Hakuna aliyesogea. Yu alikuwa amekaa hivyo hivyo, mguu mmoja garini na mwingine duniani, anamtazama bibi yake usoni, kitu ambacho nadhani hakuwahi kukifanya maisha yake.

"Hapo ndipo angekaa Wening," Eyang akasema.

"Ndiyo, Ndoro."

Kizingiti nacho kilikuwa kimefumuka kilipovutwa na sakafu. Puti ya Pak Bagyo ilidondoka nzima kama kibandiko. Lile tope likawa linashuka. Eyang aliinama, akaingiza vidole vyenye pete katika uchafu ule, akatoa uzi wa nailoni wenye kikonyo kimoja cha yasmini, cheusi.

"Haya maua ni ya nani?"

"Ni takataka tu, Eyang, zinaingia kwa..." Pak Bagyo akaanza.

"Sikukuuliza wewe, mwanangu."

Yu Tumirah angeweza kusema ni yako. Ingekuwa kweli.

"Ni yetu, Ndoro," akasema. "Mimi nilikuwa namwaga, wewe unasoma dua. Tulimpenda sana, tukamzamisha."

Eyang akaufunga uzi ule kwenye leso, akachukua mwavuli wake, akaondoka. Wening alimfuata akigeuka nyuma kila hatua. Tulisikia gari lao likiwaka na kuondoka.

Tulimtoa Yu polepole, mimi nikikunja bati kwa koleo lisimkate zaidi. Pak Bagyo alileta maji na kitambaa safi, akamfunga mguu kwa mikono yake, vizuri, bila kumtazama. Alipomaliza akasema, "Nenda nyumbani, Yu." Hakusema hadi lini. Yule mama akachukua kisu chake cha nta akachechemea kwenda.

Asubuhi alikuwa langoni na birika lake la zamani na karai, anakaanga tempe. Mimi nilinunua. Wote tulinunua. Pak Bagyo alipita kama hamwoni. Gari lilikuwa limekaa katikati ya gereji na tundu lake, na hakuna aliyejua kama litafuatwa, au kama gereji nzima ndiyo imekwisha.

Wening alikuja peke yake kwa pikipiki, kati ya magoti yake sinia limefungwa kwa majani ya mgomba. Alilifungua juu ya meza ya Pak Bagyo: kilima kidogo cha wali wa manjano, na vibakuli viwili vya uji, mwekundu na mweupe. Ni chakula tunachokula tunapoanza jambo zito, mtoto akizaliwa, nyumba ikianzwa.

"Eyang anasema mmkate Kyai," Wening akasema. "Mkate popote palipooza. Na anasema mama mkubwa ale ncha ya wali." Ncha hupewa anayeheshimiwa kuliko wote.

Pak Bagyo alitazama sinia, akatazama langoni. Akatoka mwenyewe hadi kwenye karai la mafuta. Sikusikia walichosema mwanzoni. Nilisikia mwisho tu, Yu akisema, "Subiri tempe iive, si umeona iko motoni?"

Naye akasubiri, mikono nyuma, kama mteja.

Kyai Mendung hakumbeba bibi harusi. Wening alipelekwa Selo kwa gari la maziwa la baba mkwe wake, lililosuguliwa usiku kucha na kupambwa makuti machanga, na bado lilinuka mtindi. Eyang alikaa mbele kwa dereva, mwavuli magotini. Watu walicheka, na yeye akawaacha wacheke. Ila nilimwona alipopita mbele ya gereji yetu, alitazama upande mwingine. Lilimuuma. Nisiwadanganye.

Suro ikaja tukiwa bado tunachomelea. Mwaka ule Eyang alikuja na beseni dogo la maua, akaliweka sakafuni mbele ya gari, akakifuta chuma kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Yu Tumirah alikuwa nyuma yake na kitambaa kikavu.

Mwezi uliofuata, Sapar, watu wa Selo hufungua milango ya nyumba zao na kulisha kila anayepita, na hapo ndipo gari lilipokuwa tayari, limepakwa kijivu kile cha kwanza. Eyang akataka kwenda kumtazama mjukuu. Kwetu gerejini kuna desturi kwamba aliyechomelea ndiye anayeendesha mlima wa kwanza. Hivyo usukani ulikuwa wangu.

Eyang alifika kwenye mlango wa nyuma akasimama.

"Tumirah," akaita. "Panda wewe kwanza."

Yu alikuwa amekuja kutuaga tu, na kikwangulio chake mkononi. Akakiweka chini. Akapanda, akakaa pale pale.

"Piga."

Akapiga mguu. Sakafu ililia kama kengele iliyofunikwa shuka.

"Tena."

Akapiga tena.

"Haya, sogea," Eyang akasema. "Sogea kule, usinibane."

Tulipanda. Baada ya kijiji cha Cepogo barabara inaanza kujikunja, bonde upande mmoja, malori ya mchanga yanashuka yakilia breki. Niliweka gia ndogo nikasikiliza. Kila kiungo cha sakafu ile nilikuwa nakijua, na kila kimoja nilikitilia shaka. Kwenye kioo niliona Yu Tumirah hatazami dirishani. Alikuwa anatazama miguu yake, ameikandamiza chini, vidole vimekazwa ndani ya kandambili. Tulikuwa tunaukaribia mkuyu ule wa ajali ya mumewe.

Sikumwambia Eyang kitu. Nadhani mtu alikuwa amemwambia, au alijua siku zote. Kwenye kona ile, lori la mchanga likiwa linatushukia, aliunyosha mguu wake mkongwe wenye kiatu cha ushanga akauweka kando ya mguu wa Yu, pale penye bati jipya, naye akakandamiza.

Gari likakata kona, likaendelea kupanda.